Kikundi cha Ukoo: Kitabu cha Kusoma Pamoja

Rehema: Ndugu zangu, naomba leo tulimalize suala la kitabu. Napendekeza tena mwandishi wa Marekani, Edward Abbey, na tuanze na *Desert Solitaire* cha mwaka 1968, ambamo anasimulia misimu aliyofanya kazi ya ulinzi huko Arches, jimboni Utah, kabla eneo hilo halijapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa. Anayekubali aandike, na anayekataa atoe sababu.

Rehema: Naona ujumbe umesomwa na wengi, lakini hajajibu hata mmoja.

Juma: Nakubali, Dada, ila nithibitishie kama huyu ndiye aliyeishi na nyoka.

Rehema: Ndiye. Nyoka wenye sumu na njuga mkiani walikuwa wamejificha chini ya karavani yake, naye akaleta nyoka mwingine asiye na sumu ili awafukuze, akafikia hata kutembea naye akiwa amejizungusha kiunoni ndani ya shati.

Juma: Tungekuwa na nyoka huyo, yule mgeni wa sikukuu iliyopita angeondoka mapema.

Zuhura: Juma, mgeni huyo sasa ni mume wangu, na yumo humu kikundini.

Rehema: Turudi kwenye kitabu, tafadhali. Nyoka ni kichangamsho tu. Uzito umo katika sura inayoshambulia utalii wa magari, ambamo Abbey anataka magari yazuiwe kuingia hifadhini na watu waende kwa miguu, kwa farasi au kwa baiskeli, kwa hoja kwamba anayekwenda taratibu huona mengi zaidi katika maili moja kuliko anayepita mbio katika maili mia. Halafu ipo sura ya mto, ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote: yeye na rafiki yake wanateremka mto Colorado ndani ya Glen Canyon huku bwawa la kulizamisha korongo hilo likijengwa. Maji yalianza kuzuiwa mwaka 1963, kwa hiyo wasomaji wa kwanza wa kitabu hiki walikuwa wakisoma habari za mahali ambapo maji yalikuwa tayari yanapafunika.

Salim: Ndiyo kwanza nasoma ujumbe wenu. Kwa maoni yangu vijana wataipenda zaidi *The Monkey Wrench Gang*, riwaya yake ya mwaka 1975, ambamo watu wanne wanaharibu mitambo ya ujenzi jangwani na kuota siku ya kulibomoa bwawa hilohilo.

Rehema: Kaka Salim, kabla hujapendekeza kitabu kingine, nakala yangu ya *Desert Solitaire* uliyoiazima kabla ya harusi ya Zuhura iko wapi?

Salim: Hilo tulilizungumza mbele ya Mama, likaisha.

Zuhura: Halikuisha.

Babu: Wajukuu zangu, nimeyasoma yote. Riwaya ya kuharibu mali za watu haitapewa watoto wa shule katika ukoo huu mpaka wakubwa waisome kwanza na wawe tayari kujibu maswali yao. Na hicho kitabu cha jangwa msikisome kama maneno ya mtakatifu, maana mtu anayemuua sungura kwa jiwe ili ajue tu kama anaweza, kisha asione haja ya kujuta, anastahili kuhojiwa. Mimi nampenda kwa kuwa hakulificha jambo hilo.

Juma: Shikamoo Babu. Tumesikia.

Zuhura: Shikamoo Babu.

Rehema: Shikamoo Babu, tumepokea. Basi riwaya isubiri, na tuanze na *Desert Solitaire*. Anayeona kitabu ni kirefu aanzie sura ya mto, na Kaka Salim alete nakala.

Salim: Nitatafuta kwenye masanduku, ila siahidi siku. Halafu hao wakubwa wa kuisoma riwaya kwanza ni akina nani?

Babu: Marahaba. Wewe ni wa kwanza.

Mama Pili: Samahani, nilikuwa safarini. Sina pingamizi juu ya Abbey, lakini kwa sisi ambao macho yanachoka haraka, insha zake katika *The Journey Home* ya mwaka 1977 zingetufaa zaidi, kwa sababu kila moja inajitegemea.

Rehema: Mama Pili, tulikuwa tumekaribia kabisa kukubaliana.