George Washington alipimaje ardhi?

Wakuu, Washington alipokuwa mpima ardhi kijana huko Virginia, alitumia vifaa gani? Na mashamba yake mwenyewe aliyapataje?

— Mkuu, dira iliyowekwa juu ya mguu wa mbao, na mnyororo wa kupimia umbali. Virginia walizoea wa futi 33. Wawili wanavuta mnyororo, mwingine anachanja miti ya mpaka kwa shoka. Shoka likisogea karibu na dira, sindano ya dira inavutwa na chuma na kuonyesha vibaya. Mnyororo ukifuata mteremko, umbali unazidi ule halisi.

— Na mti wa alama ukianguka, ni kesi!

— Julai 1749, akiwa na miaka 17, akawa mpima wa kaunti ya Culpeper. Ukoo wa Fairfax, matajiri wenye ardhi nyingi Virginia, ulimbeba kweli kweli. Mwaka 1750 akanunua ardhi yake kwenye kijito cha Bullskin Creek kwa fedha za upimaji.