Naomba ushauri: kuhamisha tangi la samaki safari ya mbali

Habari zenu wadau. Nahama, na safari ni ya gari kutwa nzima. Nina tangi la kioo la lita 200 ambalo limetulia kwa miaka, lina samaki wadogo wa mapambo aina ya gapi na neoni, na kambare wadogo wa chini.

Kinachoninyima usingizi si samaki, ni chujio. Bakteria wanaogeuza amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) kuwa nitriti na kisha nitrati isiyo na madhara makubwa wanaishi kwenye sponji ya chujio, na sponji ikikauka au ikikosa hewa wanakufa. Nimepanga kuibeba kwenye ndoo yenye maji ya tangi, pampu ya betri ikipuliza. Inatosha, au kuna njia bora? Changarawe nayo nasita: nikiiosha sana napoteza bakteria, nisipoiosha uchafu wote utatibuka.

Samaki nitawanyima chakula siku moja kabla, wasichafue maji njiani. Mifuko itakuwa theluthi maji, iliyobaki hewa. Ila hao kambare wana miiba kwenye mapezi. Siku nawanunua walitoboa mfuko, kiti chote kikalowa. Nawaza kuwaweka kwenye ndoo yenye mfuniko. Tangi lenyewe litasafiri tupu, hilo halina mjadala.

Swali kubwa: nikifika, niwarudishe usiku uleule kwenye maji mapya yaliyotolewa klorini, au walale kwenye ndoo kwanza? Na maji ya zamani yana faida kuyabeba, au ni mzigo tu? Aliyewahi kufanya hivi anisaidie tafadhali, vyombo vimeshaanza kufungwa.