Naomba ushauri: marejesho ya sola mwaloni yanakwama kila mbalamwezi

Wakuu, habari za majukumu. Tupo mwaloni (wanapofikia wavuvi na mitumbwi yao), kwenye kisiwa kidogo huku wilayani Ukerewe, Ziwa Victoria, umeme wa gridi haujatufikia. Kikundi chetu kinakopesha sola ndogo: paneli ya wati 20, betri, taa tatu na waya wa kuchajia simu. Marejesho ni kila wiki. Wakati wa giza (usiku usio na mwezi) dagaa wanapatikana na watu wanalipa bila kusumbuliwa, mbalamwezi ikiingia mitumbwi inalala mchangani na simu hazipokelewi (wengine wanahama mwalo na paneli begani!). Tulijaribu kuwazimia wadaiwa sola, wakarudi kwenye vibatari, na lawama juu.

Je, marejesho yafuate giza badala ya wiki? Na mvuvi anayehamahama adhaminiwe na nani, tajiri wa mtumbwi au BMU (kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni)?