Naomba ushauri: kupunguza uzito kwa vyakula vya mimea tupu

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Morogoro. Nina kisukari, natumia metformin, na daktari kaniambia uzito lazima upungue. Nimeamua kula vyakula vya mimea tu, visivyokobolewa: dona badala ya sembe, maharage, choroko, matembele, viazi vitamu, matunda. Nyama, samaki, mayai na maziwa nimeacha.

Uzito unashuka, namshukuru Mungu. Kinachonisumbua ni nazi. Kwetu mbaazi bila tui zito hazishuki, na tui lina mafuta mengi yale yanayoganda. Siku hizi nachemsha mbaazi hadi zilainike kabisa, robo yake naiponda kwa mwiko, narudisha sufuriani na nyanya, kitunguu na binzari. Rojo linakuwa zito lenyewe. Mume wangu anakula vizuri tu, watoto wananuna. Kupika vyungu viwili kila siku siwezi, mkaa wenyewe mnajua bei yake. Wenzangu mnafanyaje?

Halafu vitamini B12. Kwenye mimea haipatikani, na metformin ikitumika muda mrefu inaweza kuishusha zaidi, kwa hiyo nataka nipime kabla ya kuanza vidonge. Mliowahi kupima, mlilipa shilingi ngapi? Na mnaomeza, mnatumia vya kila siku au vile vya nguvu vya mara moja kwa wiki?