MJADALA: Gari lenye matundu kwenye ukuta wa injini lizuiwe kushindana, hata kama ovaroli na mtungi wa kuzimia moto ni vya FIA?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Kwenye mashindano madogo ya klabu huku kanda ya kati, ukaguzi wa moto umegeuka ukaguzi wa lebo. Mkaguzi anasoma namba ya ovaroli, anatazama tarehe ya mtungi na stika ya herufi E inayoonyesha kizima moto, gari linapita. Hakuna anayeingiza kichwa chini ya dashibodi na tochi.

Napendekeza tuanze na ukuta: kati ya injini na kabini, na kati ya mfumo wa petroli na kabini. Ukipitisha mwanga, gari linabaki gereji. Vifaa vya bei kali, mfano mtungi wenye cheti cha FIA (shirikisho la kimataifa la magari), anayeanza apewe msimu mmoja wa kujipanga.

Ovaroli ya kiwango cha FIA 8856-2000 inatakiwa kuhimili moto wa maabara sekunde 11 kabla joto la upande wa ngozi halijaongezeka kwa nyuzi 24; ile ya 8856-2018, sekunde 12. Ndani ya muda huo ufungue mkanda, uchomoe usukani, utoke katikati ya keji, yaani fremu ya mabomba inayomlinda dereva gari likipinduka. Ukuta ndio unaoamua hesabu hiyo ianze lini. Na njia zetu za vumbi za upande wa Bahi au Kongwa, hata ukipiga 114 papo hapo, Zimamoto wana safari.

Fundi bati, Chang'ombe
Naunga mkono, ila "mwanga" usiachwe hewani, usemwe unapimwaje. Gari liingizwe gereji usiku au lifunikwe turubai. Taa kali iwekwe chini ya boneti, mtu akae ndani, asubiri macho yazoee giza, kisha azungushie chaki kila anapoona nukta. Halafu taa ihamie chini ya gari na kwenye buti, arudie.

Subaru Impreza iliyovuliwa mapambo huwa inavuja kwenye tundu la waya mkubwa wa injini, bomba za hita zilizotolewa, bomba za AC, kebo na bolti za zamani za pedali, na pale chini ya kiti cha nyuma. Hapo chini ndipo watu wanapopasahau. Tangi liko chini ya sakafu hiyo, na pampu kwa baadhi ya matoleo inafikiwa kupitia vifuniko vya chuma vilivyozoea kufunikwa na kiti. Kiti kikitoka, kati ya dereva na mvuke wa petroli kinabaki kifuniko chenye gasketi ya sponji iliyokauka na skrubu mbili zilizopotea.

Dawa: bati la chuma la milimita 1, likatwe lizidi tundu sentimita 2 kila upande. Bati la tundu dogo lichomelewe kuzunguka lote, lisiachiwe vidoti vinne. Kifuniko cha pampu kifungwe kwa bolti za M5 kila sentimita 5, gasketi iwe ya nyuzi za seramiki au za kioo. Gasketi kuukuu za asbestosi msizikwangue, vumbi lake ni sumu ya mapafu. Waya wenyewe upite kwenye mrija wa chuma wa sentimita 5 uliochomelewa kwenye ukuta, nafasi inayobaki ijazwe kitambaa cha nyuzi za kioo, mdomo uzibwe kwa gundi ya moto, ile inayovimba ikipata joto.

Kabla ya kuchomelea: betri nje, kontrol boksi (kompyuta ya injini) nje, tangi LISHUKE. Kumwaga petroli na kuacha tangi mahali pake ni hatari kuliko kuliacha limejaa, kwa sababu mvuke uliochanganyika na hewa ndio unaolipuka.

Mkaguzi wa magari
Kwa heshima, mleta mada, kwenye ukuta tuko pamoja. Kwenye kumpa anayeanza msimu mzima bila mtungi wa cheti, hapana.

Kanuni za FIA, nyongeza ya J, kifungu cha 253, kwa mtungi wa mkono wa poda zinataka angalau kilo 2, na kishikio kinachohimili mara 25 ya nguvu ya mvutano. Mtungi wa kilo 2 pamoja na ganda lake unakaribia kilo 4. Zidisha kwa 25: kilo 100 zinazotaka kuruka kwenda kwa dereva. Kile kishikio cha waya cha mitungi ya dukani hakiwezi. Inatakiwa mikanda miwili ya chuma inayofunguka kwa haraka, na bolti zipite kwenye sakafu zikiwa na bati la kuimarisha kwa chini.

Pia poda inashindiliwa na mtikisiko. Geji inasoma kijani wakati ndani poda imekaa kama saruji. Mtungi unaokaa kwenye gari la mbio upinduliwe na kutikiswa kila baada ya mashindano, na uende kwa fundi mwenye kibali ndani ya miaka 2. Stika ya jana siyo kinga.

Mleta mada
Mkaguzi, kwa hiyo kinachokusumbua ni kishikio na hali ya poda, siyo cheti. Kishikio nakubali kiwe sharti la siku ya kwanza, tena ni kazi ya bati na bolti. Mtungi mzuri wa kilo 2 wa hapa mjini, uliokaguliwa, kwenye kishikio hicho, bado unaukataa?

Mkaguzi wa magari
Kwa mbio za kupima muda gari moja moja kwenye uwanja wa wazi, naweza kuuvumilia. Kwa mbio za msituni, naukataa. Na klabu haina mamlaka ya kulegeza peke yake. Andikeni mapendekezo yapelekwe AAT, chama cha magari Tanzania, wao ndio wanachama wa FIA hapa nchini.

Mpenzi wa MR2
Mmesahau sisi wa Toyota MR2, wenye injini mgongoni. Nimepanga kuziba kwa shiti ya alumini milimita 1.5 na riveti, ni nyepesi na inang'aa vizuri. Nikiongeza kapeti "isiyoshika moto" si inatosha?

Fundi bati, Chang'ombe
Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660. Moto wa petroli unaweza kukaribia 1,000. Inasaidia kuzuia joto la kawaida na mnyunyizo wa mafuta, na zipo klabu nje zinazoikubali, lakini mgongoni kwako tumia chuma. Riveti nazo ziwe za chuma, maana bati la chuma lililoshikwa na riveti za alumini litadondoka likiwa zima. MR2 ina kebo za gia na za breki ya mkono zinazotoboa kwenda nyuma, anzia hapo.

Na jamani, povu la kupuliza la kuzibia madirisha lisiingie kwenye gari. Likikauka ni plastiki, linawaka na moshi wake una sianidi. Silikoni nyekundu ya gasketi inavumilia nyuzi 300 hivi: nzuri kuzuia maji na vumbi, siyo ndimi za moto.

Mkaguzi wa magari
Kuhusu kapeti: maandishi hayo mara nyingi yanamaanisha imefaulu kipimo cha Marekani cha FMVSS 302. Kipimo hicho kinaruhusu moto utembee hadi milimita 102 kwa dakika. Yaani inawaka, ila taratibu. Ng'oa kapeti, sponji na zile shiti za lami za kuzuia kelele.

Fundi umeme
Mnaongelea ukuta tu, cheche je? Swichi ya kukata umeme yenye miguu miwili inakata betri peke yake, alteneta inaendelea kulisha injini na pampu ya petroli inaendelea kusukuma. Chukua ya miguu sita: jozi ya betri, jozi ya koili au kontrol boksi, na jozi inayomwaga umeme wa alteneta kupitia rezista ya omu 3. Jaribio ni dakika moja: injini kwenye mzunguko 3,000, zungusha swichi, injini ife hapo hapo. Na bomba za petroli zikipita kabini zisiwe na kiungo chochote ndani, viungo vikae kwenye kuta za mbele na nyuma tu.

Dereva mwenza
Mimi napinga. Oktoba Dodoma, kabini iliyozibwa kila tundu, ovaroli ya tabaka tatu, helmeti: dereva ataishiwa nguvu kabla ya kuona moto. Mkiongeza masharti, vijana watarudi kukimbizana usiku kwenye barabara ya mzunguko ambako hakuna mkaguzi wala mtungi.

Mleta mada
Hewa iingie juu, kwa tundu la paa kama magari ya rali. Hewa inayopita kwenye ukuta wa injini ni ya moto tayari, haimpozi mtu. Kuhusu gharama, vipande vya bati, bolti na siku moja ya fundi ni pesa ndogo kuliko tairi moja ya mbio. Ndiyo maana nataka sharti lianzie hapo.

Dereva mwenza
Siku moja ya fundi kama tangi limeshuka bila bolti kukatika. Magari yaliyokaa pwani yana kutu, sema siku tatu.

Fundi bati, Chang'ombe
Hilo kweli, siku tatu. Ila asiye na gereji ya giza aangalie vumbi. Endesha kilomita 20 za barabara ya vumbi, madirisha yamefungwa, kisha kagua rangi ya ukuta kwa ndani. Kila tundu linachora mkia mwekundu, mwembamba kwenye chanzo na mpana mbele. Ukiukuta kwenye kiatu cha mpira cha shafti ya usukani, usizibe kwa gundi, shafti itagoma. Weka bati lililokatwa nusu mbili zikumbatie shafti kwa nafasi ya milimita 2, na juu yake kitambaa cha nyuzi za kioo kilichofungwa kwa klipu ya chuma.

Mkaguzi wa magari
Milimita 2 ni nyingi, ifanye 1. Na uzungushe usukani mwisho hadi mwisho kabla hujakaza.