Majibu ya mama yanasema p53 ipo kwa wingi, hii ni nzuri au mbaya?

BintiMuheza:
Habari zenu wakuu, naomba msaada. Mama yangu ana miaka 61, hajavuta sigara hata siku moja ila amepikia kuni tangu usichana wake. Mwaka jana alianza kukohoa wakamwanzishia dozi ya TB miezi 6 wakati makohozi hayakuonyesha kitu, kikohozi kiko palepale na amekonda mpaka kanga inamzunguka mara mbili. Mwisho ndio wakamtoa kinyama cha pafu, majibu yanasema adenokasinoma, aina ya kansa ya mapafu, chini wameandika p53 positivu kwa wingi. Nimesoma kuwa p53 ni protini inayozuia kansa, sasa ikiwa nyingi si ndio mwili unapambana? Jumatatu tunamuona daktari na ndugu wote wananiuliza mimi.

Darubini:
Pole sana dada. Mimi niko maabara ya patholojia, slaidi hizi nazishika kila siku, na hapo wengi wanachanganyikiwa. Kazi ya p53 ni kuizuia seli iliyoharibika DNA isigawanyike, ijirekebishe kwanza, ikishindikana ijiue. Kwenye seli yenye afya protini hii inatengenezwa na kuvunjwa hapohapo, haikai, ndio maana tukipaka rangi ya kahawia inayoonyesha p53, viini vya seli karibu vyote vinabaki bluu. Jeni yake ikiharibika mara nyingi inatoka protini mbovu isiyovunjika, inarundikana tu, ukiweka kwenye darubini viini vya uvimbe vimekolea kahawia kama kahawa chungu. Kwa hiyo huo wingi ni wingi wa mbovu dada yangu. Na wengine jeni imekatika kabisa, hakuna kahawia hata chembe, nayo si habari njema. Ila usikate tamaa, karibu nusu ya adenokasinoma za mapafu zina hitilafu hii, na dawa hazipangwi kwa p53 peke yake.

Mama Salma:
Pole mwanangu. Mimi ni nesi wodi ya kansa. Jumatatu mkumbushe daktari kwamba mama hajawahi kuvuta sigara, hilo ni kubwa kuliko hiyo p53. Moshi wa sigara una kemikali ya benzopireni, inang'ang'ania sehemu maalum za jeni ya p53, hilo limejulikana tangu 1996, na ile kansa ya mapafu ya seli ndogo ambayo karibu wote ni wavutaji huwa imepoteza p53 na RB, jeni nyingine ya kuzuia kansa, zote mbili. Wasiovuta, hasa akina mama, mara nyingi tatizo linakuwa kwenye jeni nyingine iitwayo EGFR, na hiyo ina vidonge, gefitinib, erlotinib, osimertinib. Omba kipimo cha EGFR. Kile kinyama kimegandishwa kwenye nta, uliza kiko wapi na kisipotee, kinaweza kupimwa bila kumchoma mama tena.

BintiMuheza:
Mungu awabariki jamani, nimeandika EGFR na nta kwenye daftari. Sasa mdogo wangu analia anasema na sisi tumerithi, ni kweli?

Darubini:
Mwambie anyamaze. Hitilafu ya p53 kwenye kansa ya mapafu karibu zote zinatokea ndani ya pafu lenyewe, mtoto hazimfikii. Ya kurithi ipo ila ni adimu sana, unakuta ukoo mzima watu wanapata kansa wakiwa bado wadogo, wengine watoto kabisa. Kwenu kuna hivyo?

BintiMuheza:
Hapana, bibi amefariki na miaka 90 na kitu. Naenda kumwambia sasa hivi.