Tupeane uzoefu: presha ya mtihani wa Law School uliidhibiti vipi?

Mjumbe wa Shina
Wakuu, kwema? Jana nimepita barabara ya Sam Nujoma, pale Law School wanakosomea uwakili, nikawaona vijana wa suti nyeusi na mafaili yao, tumbo likanikata. Mdogo wangu kamaliza digrii ya sheria (LLB), anaingia msimu ujao. Tangu asome yale matokeo ya 2022 (watu 633, waliofaulu 26, sapu yaani wa kurudia mitihani 342, disko yaani walioondolewa 265) halali. Anakesha na kitabu, ukimuuliza kasoma nini hajui. Mliopita, mlijitulizaje?

Wakili wa Kitaa
Umenikumbusha mbali mkuu. Mimi kusoma nilisoma, mwili ndio ulinigomea. Wiki ya mtihani kila asubuhi naharisha, chai haishuki. Siku ya mashauri ya madai nafungua karatasi, wanataka hati ya madai, kitu nilichokiandika mara kibao chumbani. Nikaandika KATIKA MAHAKAMA YA... nikakwama hapo hapo. Moyo nausikia masikioni, vidole vinakufa ganzi, midomo inachonyota. Nikajua ndo naondoka, tena nimevaa tai. Nikanyoosha mkono, msimamizi akaniletea maji, akaninong'oneza: "Toa pumzi. Usivute, toa." Nikaitoa polepole kama napuliza uji wa moto. Ganzi ikaachia. Lile swali nikaliruka, nikaanza na kadogo ka siku 21 za mdaiwa kuleta utetezi wake. Kalamu ikishatembea, kichwa kinafuata. Baadaye daktari akanipima, moyo mzima, akasema ni hofu: ukihema haraka haraka vidole vinaweza kufa ganzi.

Mama Junior
Tena na tai 😂 Pole kaka.

Kichwa Ngumu
Mnawadekeza hawa. Presha ni ya asiyesoma. Mtu kaishika Sura ya 33 yote, ile sheria ya mwenendo wa madai, hofu itoke wapi?

Dada wa Rufaa
Kaka, niliyekaa naye chumba aliishika Sura ya 33 na ya 20 ya jinai mpaka kurasa. Saa tisa usiku nashtuka, kasimama na khanga anahoji kabati: "Shahidi, jibu swali! Ndiyo au hapana?" Namwita, hasikii. Mlango wa kabati ukafunguka, ndoo ikadondoka. Akasema, "Mheshimiwa, sina swali zaidi," akarudi kulala.

Mama Junior
Nimecheka mpaka bosi kanigeukia.

Pwagu
Kabati lilijibu nini lakini?

Kichwa Ngumu
Alifaulu?

Dada wa Rufaa
Yeye alifaulu. Kabati lilipata sapu.

Mzee wa Mbinu
Turudi kwenye mada. Kuna vidonge vya propranolol, vya kupunguza mapigo ya moyo, mwenzetu alikuwa anameza kabla ya kuingia, mkono hautetemeki kabisa. Dogo atafute.

Mfamasia Mstaafu
Wewe usituulie watoto! Hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Mwenye pumu akiimeza anaweza kubanwa kifua humo humo ukumbini.

Mzee wa Mbinu
Nani kataja pumu hapa?

Mfamasia Mstaafu
Mimi. Wewe hata hukuuliza kama dogo anayo.

Pwagu
Jamani, msipelekane mahakamani.

Binti Mnyamwezi
Mimi vile vinywaji vya kuongeza nguvu ndivyo vilivyonimaliza. Moyo unakimbia hata karatasi sijapewa.

Kichwa Ngumu
Mi bila kahawa nisingetoboa. Chungu, bila kashata.

Mama Junior
Asikae mlangoni na wale wanaoulizana maswali dakika za mwisho. Aende hata msalani. Na ajitoe kwenye grupu la WhatsApp, kule kila saa kuna mtu "kasikia" swali litakalotoka.

Wakili wa Kitaa
Halafu mitihani iliyopita aifanye kwa saa, mezani, siyo kitandani. Kama wiki zinapita halali kabisa, mpeleke akaonane na daktari, hiyo siyo ya kahawa.

Mjumbe wa Shina
Nimewasoma wote, wakuu. Mwenye hiyo mitihani iliyopita anitupie inboksi.

Binti Mnyamwezi
Na mimi.

Pwagu
Na mimi, ila siyo zile zilizopigwa picha gizani.